Simu hailioni yai: programu za hedhi zinavyohesabu, zinavyokisia na zinavyokosea

Katika simu za wanawake wengi siku hizi kuna duara lenye rangi, na ndani yake sentensi fupi: "Uwezekano wa kushika mimba leo ni mdogo." Sentensi hiyo imezua ubishi saluni, kwenye mabenchi ya kliniki ya uzazi wa mpango na katika makundi ya WhatsApp. Mmoja ataapa kwamba programu yake haijawahi kumkosea hata siku moja. Mwenzake atamjibu kwamba mtoto aliyembeba mgongoni alipatikana katika siku ambayo programu hiyohiyo iliiita salama. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Tatizo ni kwamba jina moja, programu ya hedhi, limebebeshwa kazi tatu zisizofanana: kuandika kilichokwisha kutokea, kukisia kitakachotokea, na kupima kinachotokea mwilini. Programu nyingi hufanya ya kwanza vizuri sana, ya pili kwa kubahatisha, na ya tatu hazifanyi kabisa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Hedhi ni damu inayotoka pale ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka baada ya kukosa mimba ya kulea. Mzunguko wa hedhi ni muda wote kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Wapo wengi wanaohesabu kuanzia siku damu ilipokatika, na mtu akiingiza tarehe hiyo katika simu, kila kitu kinachofuata kitasogea kwa siku nne au tano, naye atailaumu programu kwa kosa ambalo si lake. Kupevuka kwa yai ni tukio la katikati, pale kifuko cha mayai kinapoachia yai moja, ambalo huishi kwa saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume, kwa upande wake, zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilisubiri. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata siku za rutuba, ambazo ni kama sita katika kila mzunguko: siku tano kabla ya yai kutoka na siku lenyewe linapotoka.

Mitaani siku hizo huitwa "siku za hatari", jina ambalo kwa maoni yangu limefanya madhara kuliko faida. Kwa mwanandoa anayetafuta mtoto hakuna hatari yoyote hapo. Na kwa asiyetaka mtoto, jina hilo humfanya aamini kwamba siku zote zilizobaki zina ulinzi, kana kwamba kuna ukuta kati ya siku ya hatari na siku ya salama.

Sasa, simu inazijuaje siku hizo? Jibu fupi ni kwamba haizijui. Programu ya kawaida, ile ya bure ambayo watu wengi wanayo, haina njia ya kuona ndani ya mwili. Inachopokea ni tarehe ulizoiandikia. Inachukua tarehe hizo, inatafuta wastani wa urefu wa mizunguko yako, inakadiria hedhi ijayo itaanza lini, halafu inarudi nyuma siku zipatazo 14 na kuweka alama ya yai hapo. Sababu ya kurudi nyuma badala ya kuhesabu mbele ni kwamba muda kutoka yai kupevuka hadi damu kuanza haubadiliki sana, mara nyingi ni siku 12 hadi 14, ilhali muda wa kabla ya yai kupevuka ndio hurefuka na kufupika. Tabu ni moja: ili urudi nyuma kutoka hedhi ijayo, inabidi kwanza ujue itakuja lini, na hilo hakuna anayelijua.

Chukua mwanamke ambaye mizunguko yake minne iliyopita ilikuwa ya siku 26, 31, 28 na 35. Huyo si mgonjwa. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Simu itajumlisha, itapata 120, itagawanya kwa nne na kuja na wastani wa siku 30, urefu ambao ukitazama vizuri haukuwahi kutokea hata mara moja. Itaondoa 14, itaweka yai siku ya 16, na itapaka rangi ya tahadhari kuanzia siku ya 11 hadi ya 16. Ikiwa mzunguko unaokuja utakuwa wa siku 26, yai litatoka karibu na siku ya 12, na siku za rutuba zitakuwa zimeanza siku ya 7, wakati simu bado inasema mambo shwari. Ikiwa utakuwa wa siku 35, yai litatoka karibu na siku ya 21, na kuanzia siku ya 17 simu itakuwa imeshaondoa rangi, ikimwambia mwenyewe kwamba muda umepita, katika siku zilezile ambazo ndizo zenye mimba. Hesabu haina kosa hata moja. Kilichokosewa ni kuuchukulia wastani wa mizunguko iliyopita kana kwamba ni ratiba ya mzunguko ujao, na hata programu inayojinadi kuwa inatumia akili mnemba haiondoki hapa ikiwa chakula chake ni tarehe peke yake.

Imani ya siku 28 imezidisha tatizo. Vitabu vya shule huchora mzunguko wa siku 28 na yai siku ya 14, na mchoro huo umeganda vichwani mwetu kama jedwali la kuzidisha. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 600,000 iliyoandikwa katika programu moja ya simu; wastani ulikuwa siku 29.3, na mizunguko iliyofika siku 28 kamili ilikuwa asilimia 13 tu. Kwa hiyo msichana anayeingiwa na hofu kwa sababu siku zake zimefika 31 anaogopa mchoro wa kitabuni, na kwa msichana aliyevunja ungo karibuni hata siku 45 si jambo la kushangaza.

Njia hii ya kalenda ni ya zamani kuliko simu. Katika miaka ya 1920, daktari Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, walieleza uhusiano kati ya siku ya yai na hedhi inayofuata, na hesabu za kalenda zikajengwa juu ya kazi yao. Baadaye Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani kikabuni njia inayotumia mkufu wa shanga 32: ushanga mwekundu ni siku ya kwanza ya damu, kisha mwanamke husogeza kipete kwenda ushanga mmoja kila siku, na shanga nyeupe, kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, ndizo za kujihadhari. Shanga zile zina uungwana ambao programu nyingi hazina. Zinaweka siku 12 za tahadhari badala ya sita, kwa kuwa waliozitengeneza walijua kwamba yai halishiki miadi, na zinasema waziwazi kwamba hazimfai mwanamke ambaye mizunguko yake inatoka nje ya siku 26 hadi 32. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida, kati ya wanawake 100 wanaozitegemea kwa mwaka mmoja, kama 12 hushika mimba.

Ili kuelewa kinachoongezwa na teknolojia ya juu zaidi, mfikirie mkulima wa Morogoro anayengoja masika. Ana njia tatu za kujua habari za mvua. Anaweza kutazama kalenda, akasema masika huanza mwezi Machi, kwa kuwa miaka iliyopita yalianza hivyo. Anaweza kutazama mawingu yanavyojikusanya. Na anaweza kuamka asubuhi akakuta udongo umelowa. Njia ya kwanza inazungumzia mazoea, ya pili inazungumzia dalili, na ya tatu inazungumzia jambo lililokwisha pita. Vipimo vyote vya rutuba vinaingia katika mojawapo ya makundi haya.

Joto la mwili ni udongo uliolowa. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili wakati wa kupumzika kwa kiasi kidogo sana, nyuzi kama 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na joto hilo hubaki juu hadi hedhi inayofuata. Mwanamke hujipima asubuhi kabla hajainuka kitandani, kwa kipimajoto chenye desimali mbili, na akiona joto limepanda na kukaa juu kwa siku tatu mfululizo anajua yai limeshatoka. Zingatia neno "limeshatoka". Kwa anayetaka kujua siku salama za baada ya yai, hiyo ni habari ya thamani. Kwa anayetafuta mtoto, ni barua inayofika baada ya harusi kwisha. Tena ni kipimo chenye udhaifu mwingi, kwa kuwa homa ya malaria hukivuruga, zamu za usiku hukivuruga, na mwezi wa Ramadhani, mtu anapoamka kula daku kisha akalala tena, asubuhi yake haijulikani ni ipi.

Saa na pete za kisasa hufanya kazi hiyohiyo kwa kupima joto la ngozi usiku kucha, na kwa hilo zinapunguza usumbufu. Hazibadilishi kanuni. Kampuni ya Apple, ilipoweka kihisi cha joto katika saa yake ya mwaka 2022, ilieleza kwamba makadirio yake ya yai ni ya kutazama nyuma, na kwamba yasitumiwe kama njia ya kuzuia mimba. Maelezo hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na ndiyo sentensi muhimu kuliko zote kwenye boksi.

Mawingu ni mawili. La kwanza ni ute wa ukeni, ambao siku za rutuba zinapokaribia huwa mwingi, wa kuteleza, unaovutika kama ute mbichi wa yai la kuku. La pili ni homoni ya LH, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka, na vijiti vya kuipima kwenye mkojo huuzwa katika maduka ya dawa. Mstari wa kipimo kwenye kijiti ukikolea sawa na mstari wa kulinganishia au kuuzidi, mawingu yamejikusanya. Lakini kuna wingu linalopita bila kudondosha tone, na kwa wanawake wenye tatizo la vifuko vya mayai kujaa vijivimbe vidogo, homoni hiyo inaweza kuwa juu muda mwingi na kijiti kikadanganya kila wiki.

Programu zinazounganisha kalenda na joto la mwili ni daraja la juu, na hapo kisa cha Natural Cycles kinafundisha zaidi kuliko nadharia. Programu hiyo ya Sweden ilianzishwa na Elina Berglund, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, pamoja na mumewe, na Agosti 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu kuuzwa kama njia ya kuzuia mimba, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Miezi michache kabla ya hapo, hospitali ya Södersjukhuset ya Stockholm ilikuwa imetoa taarifa kwamba kati ya wanawake 668 waliokwenda kutoa mimba hapo kuanzia Septemba hadi Desemba 2017, 37 walikuwa wakiitegemea programu hiyo. Magazeti yaliwaka moto. Mamlaka ya dawa ya Sweden ilichunguza na kukuta kwamba mimba zilizotokea zililingana na kiwango ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imekitangaza: katika matumizi ya kawaida, kama wanawake saba kati ya 100 kwa mwaka. Huko Uingereza, mamlaka ya matangazo ililipiga marufuku tangazo la kampuni hiyo lililoiita njia yenye usahihi mkubwa.

Wengi waliuona uamuzi wa Sweden na ule wa Uingereza kama vitu vinavyopingana, ilhali vinasema jambo moja. Asilimia 93 ya wasioshika mimba inasikika kama uhakika, lakini maana yake ni kwamba katika kila watumiaji 1,000 wanawake wapatao 70 watapata mimba wasiyoitaka ndani ya mwaka. Kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa mkononi, kwa kulinganisha, huwaangusha chini ya mmoja kati ya 100. Na kiwango hicho cha saba ni cha programu inayodai joto la mwili na inayoamuru kondomu katika siku nyekundu, yaani zile inazozihesabu kuwa za rutuba. Programu ya bure ya kalenda tupu haina haki ya kuazima namba hiyo. Mwanamke anayesema "natumia app" kuzuia mimba anapaswa kwanza kujua anatumia ipi kati ya hizo.

Kuna dhana nyingine zinazostahili kuguswa. Kwamba mtu hawezi kushika mimba akiwa kwenye hedhi si kweli: mwenye mzunguko mfupi na damu ya siku sita au saba anaweza kukutana na mume siku ya mwisho ya damu, na mbegu zikakaa hadi yai litoke. Kwamba programu inaweza kukuchagulia siku ya kupata mtoto wa kiume, nayo haina msingi. Utafiti unaojulikana sana wa mwaka 1995 nchini Marekani, uliotuthibitishia zile siku sita za rutuba, haukuona uhusiano wowote kati ya siku ya tendo na jinsia ya mtoto. Kuhusu mwandamo wa mwezi, Kiswahili chenyewe kinasema mwanamke yuko mwezini, na ni kweli mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu, karibu kabisa na wastani tuliouona hapo juu. Lakini ukaribu wa namba mbili si kamba inayoziunganisha, na hakuna anayepata hedhi kwa sababu mwezi umeandama.

Dhana iliyo ngumu zaidi ni ya wale wanaotumia sindano, vidonge au kijiti huku wakiendelea kujaza programu. Damu inayotoka mtu akiwa kwenye vidonge hutokana na kusimamishwa kwa homoni za vidonge, si kwa yai lililokosa mbegu, hivyo rangi za rutuba zinazochorwa na simu hapo hazina maana yoyote. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi mingi kabla mizunguko haijarudi. Anayenyonyesha anaweza kupata yai kabla hajaona damu ya kwanza, na simu haitakuwa na tarehe ya kuanzia. Aliyemeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ameahirisha yai lake kwa makusudi, kwa hiyo makadirio ya mwezi huo yamekufa.

Kwa wanaotafuta mtoto, habari ni nyepesi zaidi kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. Tendo la ndoa kila baada ya siku mbili au tatu hufunika siku za rutuba bila kijiti wala pete, na nimeona ndoa zikigeuzwa ofisi kwa sababu ya kengele ya simu inayolia saa nne usiku. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, au miezi sita kwa mwanamke aliyevuka miaka 35, ni wakati wa kwenda hospitali, na kwenda wote wawili. Hakuna programu ya hedhi inayohesabu mbegu za mume.

Limebaki suala la siri. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya hedhi ya jina hilohilo, baada ya kuituhumu kwamba iliwaahidi watumiaji usiri huku ikipitisha taarifa zao kwa makampuni mengine, yakiwamo Facebook na Google. Agosti 2025, baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikusanya taarifa hizo kinyume cha sheria. Na baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba Juni 2022, wanawake wengi huko walifuta programu hizi, wakihofia kwamba tarehe ya hedhi iliyochelewa inaweza kuwa ushahidi. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini tusijidanganye: kwa mwanamke wa Mbagala au Kisumu, mtu wa kwanza kuisoma programu hiyo si kampuni ya California, ni mume, kaka, au fundi aliyepelekewa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana programu yenye nywila yake yenyewe, inayofanya kazi bila intaneti na isiyolazimisha barua pepe, ina thamani kuliko yenye mapambo. UNICEF iliijenga Oky kwa msingi huo, kwanza pamoja na wasichana wa Indonesia na Mongolia, na baadaye ikafika Kenya.

Pamoja na yote hayo, mimi siwashauri watu kufuta programu. Kumbukumbu ni kazi zinayoifanya vizuri kuliko vichwa vyetu, iwe ni kwa ajili ya kujua siku ngapi za Ramadhani zinadaiwa, au kugundua kwamba damu inayojaza pedi kila saa haikuanza jana bali ilianza miezi minne iliyopita. Mjamzito akifika kliniki kwa mara ya kwanza, swali la mapema atakaloulizwa na muuguzi ni tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu kutoka hapo zitahesabiwa wiki 40 za kujifungua. Hesabu hiyo nayo imejengwa juu ya mzunguko wa siku 28. Mwanamke ambaye mizunguko yake ni ya siku 35 ana haki ya kufungua simu, kuonyesha miezi yake sita iliyopita, na kumwambia muuguzi kwamba mimba yake huenda ni changa kwa wiki moja kuliko kadi itakavyoandika.